Sekunde Ngapi Kwenye Daka

Pale Wiyoni pana ukuta mfupi wa mawe uliokusudiwa kuwa mwanzo wa nyumba, kisha mwenyewe akahamia Mombasa na nyumba ikabaki ukuta. Hasara yake ikawa faida ya kijiwe. Kila asubuhi Husni hutua hapo dele lake la kahawa tungu, akaloweka vikombe kwenye ndoo, na kabla mkaa haujakolea wenyewe wameshafika. Kuna Bwana Bakr, karani mstaafu wa korti, aitwaye Spika kwa sababu anadai hakuna wa kusema bila ruhusa yake, ingawa hakuna aliyewahi kuiomba. Kuna Bwana Wazir mwenye punda wa kubeba mizigo, naye huitwa Setilaiti, maana habari humfikia kabla hazijatokea. Na kuna Bwana Idarus, fundi wa milango, ambaye hapo huitwa Tindo, kwa kuwa hata akisema neno moja huacha alama. Alhamisi hiyo Tindo alikuwa hajasema hata hilo moja.

— Wageni washashuka, alisema Setilaiti huku akipuliza kikombe. Nimewabebea mabegi mwenyewe. Watu watatu, mabegi saba. Sijui wamekuya kutazama au kuhamia.

— Wageni gani? aliuliza Spika, naye alijua vizuri sana.

— Wa elimu, kutoka Nairobi! Saa nane waingia pale shule ya wasichana kutazama kazi ya Bi Ruba, mwana wa Tindo. Wakiipenda, somo laendelea na kompyuta mpya zaletwa. Wasipoipenda, chumba charudi kuwa stoo ya madawati. Mwalimu mkuu keshasema.

Wote wakamtazama Idarus. Idarus akakitazama kikombe.

Ruba alikuwa kitinda mimba wake. Alikaa Nairobi miaka minne akisomea usanifu wa medianuwai shirikishi, jina ambalo babake alilifanyia mazoezi Ramadhani nzima mpaka akaweza kulitamka bila kujiuma ulimi. Alipomaliza aliitwa kazini kwenye ofisi kubwa ya huko huko, akakataa, akarudi kufundisha wasichana wa kidato cha tatu ndani ya chumba kilichojaa madawati mabovu na kompyuta kumi na mbili kuukuu. Mwaka wa pili huu. Idarus alijivunia binti huyo mpaka akawa anaificha fahari yake, kwa sababu fahari ikionekana kijiweni watu huishika wakaichezea.

— Basi mimi nimeuliza sana, aliendelea Setilaiti, na hiyo kazi ni hivi. Waana wamezitwaa nyumba zetu za kale, chumba kwa chumba, wakazitia ndani ya kioo. Mtu wa ng'ambo akaa kwake, atia kidole, nyumba yafunguka.

— Ili iwe nini? aliuliza Husni.

— Ili anunue, bwana! Bila kupanda mashua, bila kunywa mayi yetu. Mwaka ujao utaamka uambiwe kitanda unacholalia kina mwenyewe, na mwenyewe yuko Ulaya.

— Pinga! alisema Spika akiinua kidole. Mimi nimekaa korti miaka thelathini na moya. Hakuna hati ya nyumba iliyoandikwa juu ya kioo. Hii si biashara. Hii ni kumaliza kutembeleana. Leo waana wafundishwa kuingia nyumba kwa kidole. Kesho siku ya Idi mtu hatoki. Alala, abonyeza mlango wa shangazi yake, atazama biriani, arudi usingizini.

— Na kahawa je? Husni aliuliza kwa hofu ya kweli.

— Kahawa ndiyo ya kwanza kwenda. Utakaa hapa na dele lako, watu wabonyeza.

— Hawawezi. Tungu haibonyezeki.

— Wewe hujui, Husni, alidakia Setilaiti, naye sasa alikuwa amepata upepo. Nimesikia posa zitapigwa huko huko. Mposaji akaa ndani ya kioo, mabibi wamtazama wakila tambuu. Wasipompenda, wamzima.

— Wamzima vipi?

— Kama taa.

Kila mmoja akaikumbuka siku alipoposa.

— Kuna watu hapa wangezimwa, alisema Spika, akakohoa.

— Hilo dogo! alisema Setilaiti. Mimi nimeambiwa ukipiga hodi kwenye nyumba za marehemu, mle kiooni, wenyewe waitika. Huna habari nao miaka hamsini, wakwambia karibu. Waana wa miaka kumi na sita wafundishwa hayo mchana, na wazazi wao wameketi!

Idarus akakiweka kikombe chini. Mlio wake juu ya jiwe ulitosha kumnyamazisha Setilaiti, jambo ambalo punda wake wawili hawajawahi kulifanikisha.

— Ni picha inayokujibu, alisema.

— Tindo kasema, alisema Spika. Aendelee.

— Picha nyingine hukaa ukutani ikatazamwa. Hii ukiigusa yafanya jambo. Na hilo jambo halikuya lenyewe, kuna mtu amekaa akalipanga: akigusa hapa aende wapi, asikie nini, akikosea ndia arudi vipi. Kupanga huko ndiko kazi. Kuna kuchora ndani yake, kuna sauti, kuna maandishi, kuna hesabu, na kuna kumfikiria mtu ambaye hujamuona, ambaye atagusa wewe hupo. Mwana wangu afundisha hayo.

— Alaa! alisema Husni.

— Mimi nimechonga milango tangu nilipokuwa sina ndevu. Kuchonga maua hata Husni nikimfundisha atachonga. Kazi ni kuujua mlango: wafungukia wapi, nani atausukuma, ataona nini mwanzo. Waana hawa waliingia mle chumbani hawajashika kipanya, na leo wapanga nyumba nzima. Kuna msichana mmoja wa Chundwa, Hadil, alikuya karakana kwangu na simu. Nikamuuliza, wataka nini? Akasema, nataka sauti ya mlango wako ukifunguka. Alifungua akafunga mara ishirini na sita. Mara ya mwisho akaniambia, Bwana Idarus, usiutie mafuta mpaka tumalize.

Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo tangu kijiwe kiwe kijiwe. Sikio lake mwenyewe lilishangaa. Spika akasahau hata kumshukuru mchangiaji.

— Kwa hivyo wewe umeiona hiyo kazi, alisema Spika. Kwa mato yako.

— Nimeiona.

— Ikawaje?

— Ikafunguka.

Akakishika tena kikombe chake. Hilo ndilo lililokuwa limemkaa kooni wiki mbili. Usiku mmoja baada ya chakula Ruba alimwekea tableti mapajani, akamwambia, Baba, gusa. Ilikuwa nyumba ya kale, imechorwa mpaka nakshi za chokaa ukutani, na mlango wake ulichongwa kwa mtindo wa Idarus mwenyewe, alama kwa alama. Akagusa kwa kidole kimoja. Mlango ukalia kama mlango wake wa karakana, ukafunguka, na mara hiyo hiyo akajikuta ndani kabisa, mbele ya kitanda cha mama mwenye nyumba, mito imepangwa na ubani unafuka.

Idarus alishtuka kana kwamba ameingia kweli. Akasema, tena kwa sauti ambayo hakukusudia: "Nyumba hii haina adabu! Ni nani huyu aingiaye mpaka kitandani bila hodi? Daka liko wapi, mgeni aketi nje angoje? Mmesoma miaka yote hiyo kuja kuonyesha watu vitanda?" Akakilaza kioo kifudifudi juu ya mkeka, akatoka kwenda msikitini saa moja kabla ya wakati. Aliporudi Ruba ameshalala. Tangu siku hiyo nyumbani palikuwa na salamu, chakula na kimya. Naye Idarus, kila akiulaza ubao wa mninga juu ya meza, alikuwa akijiuliza ni kwa nini hakusema kwanza kwamba ule mlango ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri mno.

Asubuhi hiyo, chini ya kikombe chake cha chai, alikuta kadi ya mwaliko wa maonyesho. Haikuandikwa jina. Sasa ilikuwa mfukoni mwa kanzu yake, na hakujua kama alialikwa au kadi ilisahauliwa pale.

Ndipo akatokea msichana mmoja akija mbio kutoka upande wa shule, buibui hana, ushungi wa heshima amejifunga upande, daftari mkononi. Akasimama mbali kidogo na ukuta, akameza pumzi.

— Hamjambo wazee. Samahani sana kuwaingilia. Mimi naitwa Gakii, mwalimu wa hesabu, bado mgeni, wiki ya tatu hii. Nimeambiwa mzee Idarus hukaa hapa.

— Anatafutwa na nani? aliuliza Spika, kikorti.

— Na kidato cha tatu. Madam Ruba hajui nimekuja.

Idarus akainuka nusu.

— Ni mimi. Kumetukia nini?

— Hakuna kibaya, mzee. Ni ile kazi ya leo. Wanafunzi waliivunja yote wakaanza upya. Wiki mbili wamekuwa wakibaki shuleni mpaka karibu na magharibi. Ni kwa sababu ya yale uliyosema.

— Aliwaambia niliyosema?

— Yote. Aliyaandika ubaoni. "Nyumba hii haina adabu. Daka liko wapi?" Bado yapo, hataki mtu ayafute.

Idarus alitamani ukuta ule ungekuwa nyumba kweli, apate mahali pa kuingia ajifiche. Setilaiti alifungua kinywa, Spika akamkanyaga mguu.

— Alilia? aliuliza Idarus polepole.

— Madam? Alifurahi mpaka wanafunzi wakamshangaa. Aliwaambia watu wote waliowahi kuonyeshwa kazi yao waliisifu kompyuta, na babake ndiye wa kwanza kuingia akaona ni nyumba ya watu. Akasema hiyo ndiyo alama ya juu kabisa waliyowahi kupata, sasa waistahili.

Husni aliinama akaanza kusuuza kikombe kilichokwisha suuzwa. Idarus akaketi tena. Macho yalikuwa yakimuwasha, akasingizia moshi wa mkaa.

— Sasa wameitengeneza vizuri, aliendelea Gakii. Ukiugusa mlango haufunguki. Lazima upige hodi. Kisha unaketi kwenye daka, unaona barabara, punda anapita. Ndani unasikia watu wakijitayarisha: maji yanamwagwa, mtoto anaambiwa nyamaza, viatu vinaburutwa. Halafu ndio mtu anaitika, karibu. Na hata hapo huendi mbali, unakaribishwa sehemu ya wageni tu. Ndani kabisa huingii, hata ubonyeze mpaka jioni.

— Allahu akbar, alisema Spika, akasahau cheo chake.

— Lakini kuna shida moja. Kompyuta haijui maneno kama "kidogo" au "ngoja". Inataka namba. Tangu saa mbili darasa zima linagombana. Wengine wanasema sekunde tatu, kwa kuwa watu wa Nairobi wakingojeshwa wanaondoka. Hadil anasema ishirini, na ameapa hatashuka. Madam alisema anayejua ni mtu mmoja tu. Nikamwambia basi si umpigie simu? Akasema hapana, nikimpigia ataona namlazimisha kuja.

Gakii akafungua daftari, akashika kalamu.

— Kwa hivyo wazee wangu, swali ni hilo tu. Mgeni akishapiga hodi, akakaa kwenye daka, anangoja sekunde ngapi?

Wakacheka wote. Swali jepesi hivyo, na mtu wa watu amekimbia nusu mji!

— Andika, alisema Spika. Mgeni hungoja kiasi cha kukohoa mara tatu. Kikohozi cha kwanza ni cha kujulisha, cha pili cha kukumbusha, cha tatu cha kuaga.

— Kati ya kikohozi na kikohozi ni sekunde ngapi?

— Hiyo yategemea kifua.

— Msimsikilize huyu, alisema Setilaiti. Daka halina saa moya kwa wote. Mpeleka posa hungoja zaidi, mleta samaki hungoja kidogo maana samaki haoni haya, ataoza. Babu yangu alipiga hodi nyumba moya alfajiri, akaitikwa laasiri. Na hakununa! Walimletea chakula hapo hapo dakani, akala, akaendelea kungoja. Baadaye wakamuoza mwana wao kwa ile subira.

— Uongo mtupu! alisema Spika.

— Babu yangu huyo! Umemjua wewe?

— Mimi nadhani ni kikombe kimoja, alisema Husni. Mtu aketi, anywe kahawa moja taratibu. Ikiisha, ndio muda.

— Na kama hakuna kahawa? aliuliza Gakii.

Husni hakuwahi kufikiria dunia ya namna hiyo.

— Lakini wale wangojao hawaungojei mlango, alisema Spika, naye sasa alikuwa anafikiri kweli. Wangoja walioko kiwandani, ule ua wa ndani. Kama wanawake wafua, kuna kuanua, kujitanda, kuingia ndani. Kama yuko bibi mmoja mgonjwa, muda zaidi. Kama hakuna mtu, ni mara moya.

— Sasa aliye nje atajuaje aliye ndani ni nani? aliuliza Gakii.

— Hajui.

— Na anajuaje amengoja vya kutosha?

Spika akamtazama Setilaiti. Setilaiti akawatazama punda wake. Wanaume wanne, waliokaa dakani maisha yao yote, waliozaliwa nyuma ya daka na kuposa wakiwa dakani, walikuwa wanatafuta namba moja na hawaioni. Kalamu ya Gakii ilisubiri juu ya karatasi nyeupe.

— Kwa hivyo niandike ngapi? aliuliza.

Husni, ili mradi afanye jambo, akainamisha dele juu ya kikombe cha Idarus. Yakatoka matone mawili na masimbi ya kahawa yaliyotuama chini.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Idarus akasimama, akakung'uta kanzu.

— Sijui, mwanangu, alimwambia Gakii. Ningeijua ningewaambia. Nimechonga milango ya nusu ya mji huu na sijapata kuhesabu. Lakini lapimika. Mimi nitapiga hodi pale darasani, niketi, na nyinyi mhesabu.

— Na sisi, alisema Setilaiti, tayari ameshashika kamba za punda.

— Kijiwe kimeahirishwa, alisema Spika.

Wakaenda, Idarus mbele, Gakii kando yake akimweleza habari za kompyuta ya nne isiyowaka mpaka ipigwe kofi, Spika na Husni nyuma, na Setilaiti na punda wake mwisho. Njia nzima Idarus alikuwa akijiandaa kungojeshwa. Aliona ni haki yake. Kama Ruba angemweka nje mpaka adhuhuri, angekaa, na asingekohoa hata mara moja.

Mlango wa darasa ulikuwa wa mabati, rangi ya buluu, mbaya kwa macho ya fundi. Kando yake palikuwa na kibaraza cha saruji cha kukaa watu watatu. Gakii alipita kwa mlango wa nyuma kwenda kumnong'oneza Hadil, na kupitia dirishani Idarus akaona vichwa vya wasichana vikigeuka, na yule wa Chundwa akiinua simu yenye saa ya kuhesabia. Juu ya ubao, kwa chaki, maneno yake yalikuwa pale pale, kwa mwandiko mzuri wa binti yake. Chini yake kulikuwa na kompyuta kumi na moja zimewaka, na kwenye kila moja mlango mmoja uliofungwa. Wasichana arubaini walikuwa wameujenga mji wao upya kwa vidole vyao, na wameufunga mlango kwa heshima. Kifua cha Idarus kilijaa mpaka ikabidi ashike ukuta.

— Hodi, alisema.

Akageuka kutafuta pa kuketi. Alikuwa hajafikisha goti kwenye saruji, mlango ukafunguliwa kwa nguvu.

— Karibu, Baba, alisema Ruba. Alikuwa na chaki shavuni.

— Ule mlango mlionionyesha, alisema Idarus, akianza na lile alilopaswa kuanza nalo. Ulikuwa mzuri sana, mwanangu. Ningeuchonga mimi nisingeushinda.

Ruba alimshika mkono.

— Mwalimu! aliita Hadil kutoka ndani. Sekunde mbili! Tuandike mbili? Lakini ni fupi mno, mgeni hatawahi hata kukaa!

— Huyo msimhesabu, alisema Ruba, huku akimvuta babake ndani. Huyo si mgeni.

Kisha akachungulia nje, akawaona wengine wamepanga mstari nyuma, Husni bado na dele lake tupu mkononi.

— Wageni ni hawa. Ami Bakr, Ami Wazir, Bwana Husni, kaeni hapo kibarazani. Hadil, anza upya.

Mlango ukafungwa. Wanaume watatu wakajibanza juu ya saruji, wakasikia ndani viti vikiburutwa, mtu akiambiwa nyamaza, na sauti ya Idarus ikiuliza hiki nikigusa nini hutokea. Setilaiti alivumilia kadiri ya uwezo wake.

— Bi Ruba! aliita. Tukae mpaka lini?

Hadil alikuwa anahesabu.